Herufi ya Kwanza

Igamba, Mbozi
5 Juni 2024

Kwa Dada Rozi,

Jambo hili sijamwambia mtu, na Mungu mwenyewe nimemwambia nusu. Mwaka jana, siku kumi baada ya kumzika baba, niliwasha kompyuta yake nikafuta barua zote alizokuandikia.

Hunijui. Naitwa Tabita, nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu. Baba yangu ni marehemu Anyosisye Nzunda, aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa hapa kwetu. Nadhani ni baba yako pia. Naandika "nadhani" kwa adabu tu. Najua.

Ofisi ilipobadilisha mashine, baba alipewa ile ya zamani. Rangi yake ni ya ugali wa jana, na skrini ni nzito kama mfuko wa saruji. Haina picha wala kipanya. Ukiiwasha inakohoa, inakuandikia C na alama zake kwenye weusi, halafu kamstari kadogo kanapepesa, kakikungoja. Usipojua la kuiambia, nayo haikusaidii. "Hii ni kama wewe," baba alinitania, "haiongei mpaka isemeshwe." Ni kwa sababu mgeni akija mimi hukimbilia jikoni.

Kuna daftari alilonitengenezea, ameandika amri kwa mkono wake. DIR, nionyeshe vilivyomo. CD, ingia chumbani. TYPE, nisomee. DEL, futa. Na mbele ya DEL amepigia mstari: fikiri kwanza.

Siku ile nilitaka kuona kama ameacha nyimbo za kwaya. Nikaandika DIR, nikaona chumba kinaitwa ROZI. Nikaingia. ROZI1.TXT, ROZI2.TXT, mpaka tisa. Nikafungua ya kwanza, nikasoma mstari mmoja: "Mwanangu Rozi, mtoto wangu wa kwanza."

Dada, hapa kijijini baba alikuwa Baba Tabita. Dukani Baba Tabita, kanisani Baba Tabita, hata waliochimba kaburi walisema wanamchimbia Baba Tabita. Mimi sina vingi vya kujivunia. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Ila hicho kimoja nilikuwa nacho, kwamba baba yangu anaitwa kwa jina langu. Nikaona kumbe nimekalia kiti cha mtu.

Nikaandika DEL na zile nyota zake za kufuta kila kitu. Mashine ikauliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Haikusema neno, kamstari kakaendelea kupepesa. Nikazima ukutani. Tangu hapo sijaiwasha.

Anwani yako nimeikuta nyuma ya kitabu chake cha nyimbo: Rozi, steshenari, karibu na maegesho ya malori, Tunduma. Barua hii anakuletea Deus, dereva wa lori la mahindi, kila Alhamisi anakuja huko. Simu siwezi. Simu ni ya mama, na mama huongea kwa spika.

Nisamehe. Usiponisamehe pia nitaelewa. Mama anakuja na ndoo, naficha.

Tabita


Tunduma
8 Juni 2024

Tabita,

Barua yako imefika. Huyo Deus alinikabidhi huku anacheka, sijui anacheka nini.

Ndiyo, ni baba yangu. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka na kilo mbili za kahawa. Anakaa kiti cha karibu na mlango, anamuuliza mama yangu, Conjesta, "Rozi anaendeleaje?" wakati Rozi mwenyewe nimesimama hapohapo na birika mkononi. Anamaliza chai, anaaga. Sikuja kumzika. Hakuna aliyeniambia.

Sikujua kama aliwahi kuniandikia hata mstari. Wewe ndiye umeniambia, na kwa pumzi hiyohiyo ukaniambia umezifuta. Nilianza kukuandikia maneno mengine, nikayachana. Wewe ni mtoto, na mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa mbaya zaidi.

Sasa sikia. Naolewa mwezi wa nane. Matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa kanisani Jumapili ya tarehe 21 Julai, na mchungaji ameniuliza: Rozi binti wa nani? Vyeti vyangu vina jina la babu, mzaa mama. Nikamtajia Anyosisye. Akasema marehemu hawezi kumtangazia mtoto bila karatasi, au mtu wa upande wake. Mtu sina. Karatasi ndizo hizo.

Lakini bado kuna njia. Hapa dukani tuna fundi, Mzee Makene, aliyeanza na mashine za aina hiyo zikiwa mpya. Anasema ukifuta faili, mashine ile haichomi kitu. Inasahau herufi ya kwanza ya jina tu. ROZI inabaki OZI, na maandishi yapo palepale mpaka uandike kingine juu yake. Kwa hiyo usiandike kitu kipya humo. Iwashe. Andika CD ROZI, bonyeza Enter. Kisha andika UNDELETE. Itakuuliza herufi ya kwanza ni ipi. Iambie R.

Rozi


Igamba
19 Juni 2024

Dada Rozi, shikamoo.

Nilingoja mama aende kuanika kahawa. Mashine ameifunika kitambaa alichodarizi mwenyewe, na kila Jumamosi anaifuta vumbi akisema, "Kitu cha baba yako kisipate baridi." Nikakitoa taratibu, nikawasha. Ikakohoa. Nilifurahi kuisikia, sikutegemea.

Nikaandika CD ROZI. Ikaniingiza. Nikaandika UNDELETE. Ikajibu: Bad command or file name. Nikarudia, herufi moja moja, kama mtu anayepanda miche. Bad command. Nikajaribu na herufi ndogo. Bad command. Amri mbaya. Mwisho nikawa naona inanisema mimi.

DIR sijaandika. Nikwambie kweli, naogopa. Daftari la baba linasema chumba kikiwa kitupu mashine inaandika sufuri. Sitaki kuiona hiyo sufuri. Kusikia kwamba hazipo naweza, lakini nikiiona kwa macho nitakuwa nimezifuta mara ya pili.

Na usidhani siku ile nilifanya kwa utulivu. Ilipoandika Are you sure Y/N, nilikaa nayo muda mrefu, naangalia tu. Halafu nikasikia kandambili za mama uani, pa, pa, pa. Nikafumba macho, nikabonyeza N, ndiyo, nikabonyeza Enter, nikasema kimoyomoyo: basi, mimi ni wa kwanza tena. Jioni sikula. Mama akadhani ni msiba, na kweli ulikuwa msiba, ila wa kuufanya mwenyewe.

Deus aliponiletea barua yako alipiga honi mpaka majirani wakatoka. "Haya, mpole wa Igamba! Kimya chote kile kumbe una mtu Tunduma! Yule dada wa steshenari najua ni posta tu, mwenyewe yuko wapi? Dereva mwenzangu?" Nikinyamaza, watu hujaza wenyewe.

Kama hakuna njia nyingine, uniambie. Nimewaza hata kuja kwa mchungaji wako nimwambie mimi ni mtu wa upande wake. Lakini mbele za watu sauti yangu hukatika, atadhani natunga.

Naacha hapa, mama amerudi. Naficha.

Mdogo wako, kama unakubali,
Tabita


Tunduma
22 Juni 2024

Tabita,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, wateja wananiita na nakala zao, nimewaambia wasubiri. Nijibu kitu kimoja. Ulibonyeza N?

Mdogo wangu, Y ni yes. N ni no. Mashine ile haijui "ndiyo", haijawahi kusoma Kiswahili. Ulipojibu ndiyo, yenyewe ilisikia hapana.

Mzee Makene amesema mashine nyingine hazina UNDELETE, kisha amecheka mpaka akavua miwani. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu aliyeokolewa na lugha ya taifa.

Lakini mimi sitacheka mpaka uone. Andika DIR. Uko peke yako lakini siyo peke yako, niko hapa.

Zikiwepo, usome taratibu. Maneno yakikimbia kwenye skrini, andika TYPE ROZI1.TXT, halafu mstari uliosimama wima, halafu MORE. Itakuonyesha kipande, itasimama, itangoja umalize.

Rozi


Igamba
3 Julai 2024

Dada yangu Rozi,

9 files.

Nimeyaacha peke yake kwenye mstari kwa sababu ndivyo yalivyokuja, chini kabisa, baada ya majina yote. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo. Tisa. Nikakaa sakafuni.

Unajua shuleni kwetu ukijibu "ndiyo" unavishwa kibao shingoni, kimeandikwa I am a Swahili speaker, unakitembeza mpaka umnase mwenzako. Nimekivaa mara nyingi, maana mimi nikishtuliwa tu Kiingereza hukimbia. Siku ile macho yalisoma Kiingereza, kidole kikajibu Kiswahili. Kosa la kunivisha kibao ndilo limekuhifadhia barua zako. Lakini sijitetei, dada. Nilitaka zifutike. Hilo halibadiliki kwa kukosea herufi.

Printa ya baba utepe umekauka, na pale pa kuweka disketi hapafunguki. Kwa hiyo nanakili kwa mkono, neno kwa neno. Ya kwanza hii hapa:

"Mwanangu Rozi, mtoto wangu wa kwanza. Ofisini wamenipa kompyuta ya zamani na leo nimejifunza kutengeneza chumba ndani yake. Jina la chumba lisizidi herufi nane. Lako lina nne, limeingia na nafasi ikabaki. Umetimiza miaka minane. Mwezi wa tano nilikukuta na sare ya shule nikataka kukuuliza unapenda somo gani. Nikamuuliza mama yako. Mbele yako ulimi wangu unakuwa mzito, hapa hauwi. Juzi Felista amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Tabita. Watu wameanza kuniita kwa jina lake, nami naitika, ni halali yake. Lakini humu ndani naomba niitwe kwa lako. Ni mimi, Baba Rozi."

Zote tisa zimeisha hivyohivyo, nimechungulia mwisho wa kila moja. Ni mimi, Baba Rozi.

Nilidhani nitalia kwa wivu. Nililia, ila kwa lile la ulimi. Nilikuwa najua aibu hii nimezaliwa nayo, sikujua nimeipata wapi. Mbona hakuniambia na yeye anayo? Tungekaa nayo wawili.

Sasa kuna neno jingine. Deus amemwambia mama. Alisimamisha lori kabisa: "Mama Tabita, binti yako anapata barua kuliko mkuu wa wilaya!" Mama hakucheka. Jioni tukiwa tunachambua kahawa akaniuliza, "Ni nani huyo wa Tunduma?" Nikanyamaza. Akasema, "Tabita, nimeishi na kimya cha baba yako miaka kumi na saba. Nguvu ya kubeba kingine sina." Akaendelea kuchambua.

Anadhani ni mwanaume. Ameshaanza kusema muhula ujao nikakae Mbozi Mission kwa shangazi, chini ya macho ya wachungaji. Nikimwambia kweli, namuumiza. Nisipomwambia, namuumiza.

Anaingia. Karatasi iko chini ya mkeka.

Tabita


Tunduma
6 Julai 2024

Mdogo wangu Tabita,

Nimefunga duka saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, siku ya wateja. Mama yangu amekuja kuniuliza kama naumwa. Nikampa asome. Alipofika mwisho akalisema kwa sauti, "Baba Rozi," kama mtu anayejaribu kiatu. Miaka ishirini na minne hakuna aliyemwita hivyo. Kumbe alikuwa anajiita mwenyewe.

Na mimi nina la kuungama. Nilikudanganya. Nilikuja mazishini. Dereva mmoja alinipa habari, nikapanda gari alfajiri, nikasimama nyuma kabisa, kwenye miti ya kahawa, nimejifunga kitenge kichwani. Nilitaka kurudi kabla ya chakula. Mama yako akanifuata hukohuko na sahani ya wali. Akaniangalia. Tabita, aliniangalia kama mtu anayesoma. Akasema, "Kula, mwanangu, umetoka mbali." Akarudi kwa wageni wake. Wali ule niliumaliza wote, hata njaa sikuwa nayo.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uone kwamba mmeninyima kila kitu. Kumbe sahani nilipewa.

Nakala yako nimempelekea mchungaji. Ameisoma, ameguswa, lakini akasema, "Binti, huu ni mwandiko wa mwanafunzi. Niletee mtu." Nimemwambia basi, asome jina la babu. Kwa hiyo usimwambie mama yako kwa ajili yangu. Mjane hajamaliza mwaka, asije akaambiwa mambo haya na mtoto wake. Hata huyo mwanaume wa Tunduma, mwache aendelee kuwepo mpaka nikishaolewa, halafu tutamuua taratibu.

Mimi barua tisa zinanitosha. Endelea kunakili. Ukimaliza andika CD na nukta mbili, moja kando ya nyingine. Maana yake toka chumbani, rudi ulikotoka.

Dada yako,
Rozi


Igamba
17 Julai 2024

Dada Rozi,

Nimefika ya tisa. Ni fupi. Ameiandika wiki mbili kabla hajaugua. Naiweka hapa:

"Rozi. Leo nimekwenda jikoni mara tatu kumwambia Felista habari zako. Mara ya kwanza nikaomba maji. Mara ya pili nikaomba chumvi, na wala sikuwa nakula. Mara ya tatu akaacha mwiko akaniambia, Baba Tabita, sema. Nikasema naona mvua itawahi mwaka huu. Akanitazama sana. Nafikiri mwanamke huyu ananingoja. Kesho nitarudi tena jikoni. Ni mimi, Baba Rozi."

Hakurudi. Ningeona. Mimi ndiye ninayekaa jikoni.

Nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale pa "sema" naikumbuka ile sahani yako ya wali, na kitambaa kile kilichodariziwa, na kile kimya tukichambua kahawa. Dada, umenikataza kumwambia ili nisimuumize. Lakini naona kama ameshaumia siku nyingi, na anachongoja ni mtu wa kumwambia tu. Sisi tunamfichia kitu ambacho yeye ametufichia.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Asubuhi hii nilimwambia, "Mama, ukimaliza kuanika, njoo chumbani, kuna barua." Nilisema maneno hayo yote bila kukatika. Yeye akasema, "Ya huyo mwanaume?" Nikasema, "Ndiyo." Nadhani sikudanganya.

Mashine nimeiacha imewaka. Barua ya baba ipo kwenye kioo, imesimama kwenye MORE, inangoja. Zako nimezipanga mezani kufuata tarehe. Sijaandika CD na nukta mbili, sitaki kutoka peke yangu.

Matangazo ni Jumapili. Deus anaondoka kesho alfajiri, na lori lake lina nafasi mbili mbele. Nimeshamuuliza. Akasema, "Mbili? Unakwenda kumwona na mama?" Nikasema inategemea mama.

Nasikia kandambili uani. Pa, pa, pa. Mkono umeshakamata ukingo wa mkeka, wenyewe, kwa mazoea. Nimeurudisha. Karatasi naiacha hapahapa juu ya meza, imefunguliwa, wino haujakauka vizuri. Amefika mlangoni. Akiniuliza, safari hii nitajibu kwa neno zima, siyo herufi.

Tabita,
mtoto wa pili wa Baba Rozi